Nilipanga kumpeleka Mama Nairobi Krismasi, kila nikitatua tatizo moja analeta lingine

Habari za leo wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu na huu ndio uzi wangu wa kwanza, kwa hivyo mkiona nimezunguka sana mnivumilie. Haya mambo yalitokea hivi hivi, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha kwa sababu dada yangu pia husoma humu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni kijana wa Kisumu, au tuseme Kisian, pale barabara ya Busia. Chuo nilisomea mambo ya kupima risk, na hiyo kozi iliniharibu. Mtu akichelewa kujibu text, mimi nimeshampangia mazishi. Kazi ya kueleweka bado, kwa sasa naingiza data kwa ofisi moja mjini kwa mkataba.

Naishi na Mama. Mzee alishatangulia. Mama ni fundi wa nguo, ana kibanda kando ya barabara, anashona uniform za shule na nguo za kwaya. Huniita Baba kwa sababu nina jina la baba yake, kwa hivyo mkisoma "Baba" humu chini ni mimi ninaitwa. Msichanganyikiwe. Wa kuchanganyikiwa kwa hii stori ni mimi.

Nina dada mmoja, mkubwa wangu, Lilian. Ameolewa Nairobi na jamaa anaitwa Mwangi, mtu wa Murang'a. Mambo ya nyumbani yalishafanywa vizuri, watu wao walikuja, ng'ombe wa mahari wakafika, tukala, mama zao wakaimba mpaka sauti zikapotea.

Sasa, mwezi wa kumi Lilian akajifungua mtoto wa kike. Ilikuwa operation, na kidonda kikamsumbua akarudishwa hospitali. Daktari akamwambia safari ndefu asahau mpaka mwaka mpya.

Huyo ndiye mjukuu wa kwanza wa Mama, na Mama hajamwona ila kwa simu. Siku alipozaliwa Mama aliuliza kitu kimoja tu, kama huko Nairobi kulikuwa kunanyesha. Lilian akasema kulikuwa kunanyesha sana. Mama akasema basi huyo ni Akoth, wa kuzaliwa na mvua, hata kama upande wa baba yake wamempa jina lao.

Kila Krismasi Nairobi huhamia kwetu. Nikasema mwaka huu sisi tutaenda kinyume. Tukae siku chache, Mama amshike mtoto, Lilian akae na mama yake, turudi.

Rahisi, ama?

Nilipomwambia Mama alifurahi, hilo niliona kwa macho yangu. Alitoa kitambaa laini alichokuwa ameficha chini ya kabati akashona vigauni vidogo, akavikunja vizuri. Akaagiza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge kwa dada yake, ile iliyokaushwa ikakauka kweli, akisema mama anayenyonyesha hawezi kuishi kwa mkate. Mtu asiyetaka kwenda hafanyi hivyo. Wekeni hiyo akilini.

Halafu jioni moja akaanza maswali.

Nyumba ya Lilian ina vyumba vingapi? Nikamwambia viwili vya kulala na sitting room. Choo je? Nikamwambia ni kimoja, katikati ya hivyo vyumba viwili, hapo hapo na bafu.

Akaendelea kuchambua mboga.

Asubuhi yake goti lilikuwa linauma.

Nikatafuta basi lenye viti vipana, la mchana, ili anyooshe mguu. Goti likapona. Lakini sasa kuna uniform za Januari, wazazi watamlilia. Nikapita kwa hao wazazi mmoja mmoja, wote wakasema aende tu amwone mjukuu. Akasema kuku. Nikaongea na jirani akakubali kuangalia kuku. Akasema kwaya ya Krismasi haiwezi kuimba bila sauti yake. Nikamwendea mwalimu wa kwaya. Yeye alikuwa mwepesi kidogo kukubali, nikashuku kuna historia hapo, lakini sikuuliza.

Kila mlango nilioufungua nilikuta mwingine nyuma yake.

Wakuu, mtu kama mimi hapo halali. Nilirudi kwa lile swali la choo. Kwa nini mtu aulize choo? Nikaingia mtandaoni nikasoma figo, nikasoma sukari, nikasoma mambo mengine ambayo mtoto wa kiume hapaswi kusoma kuhusu mama yake. Nikaamini Mama ni mgonjwa na ananificha. Nikaanza kumchunguza. Akinywa maji naangalia ni kiasi gani. Akitoka nje nasikiliza.

Siku moja akafungua mlango wa choo akanikuta nimesimama karibu na mpapai, najifanya naangalia majani.

"Baba," akasema, "unanifuata mpaka chooni unatafuta nini?"

Nikasema natafuta network.

Akaniangalia kwa muda, akaenda zake. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwamba hiki chuo kikuu hakikunifaa.

Sasa sikilizeni kosa langu kubwa.

Wiki iliyofuata aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama Mwangi ataenda kwao Murang'a Krismasi. Nikaona hii nafasi ya kumpa habari njema. Nikamwambia hapana, Mwangi amekataa kusafiri kwa sababu yetu. Tena, nikasema, Mwangi ametoa kitanda chake. Mama atalala chumbani na Lilian na mtoto, kwenye kile kitanda kikubwa chao, mimi nitachukua chumba kidogo, Mwangi mwenyewe atalala kwenye kiti sitting room.

Nilikuwa najivunia huyo shemeji. Nikarudia mara ya pili, nikifikiri hakusikia. Kitanda chake mwenyewe, Mama.

Mama akaweka makasi chini, akatoka nje ya kibanda, akasimama kando ya barabara akiangalia malori ya Busia yakipita. Alikaa huko mpaka mteja akaja.

Kutoka siku hiyo neno lake likawa moja tu: tutaona.

Naona kuna mtu tayari anaandika "jibu si liko wazi". Kwako liko wazi mkuu. Mimi nilikuwa ndani yake.

Desemba ikaingia. Lilian akawa anapiga simu kuuliza tunafika lini, na mimi nazunguka zunguka. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba Mama analeta sababu, na sijui kwa nini.

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshalifikiria, kwamba yeye anajua kwa nini. Ni kwa sababu ya Mwangi. Kwa sababu Mwangi si wa kwetu, si Mjaluo.

Nikakataa. Akanitajia. Mama hajawahi kumpa Mwangi mkono hata siku moja. Siku ya kuleta ng'ombe Mama alishinda jikoni, hakuja kwenye tent kukaa na wageni. Mwangi akipiga simu nyumbani, Mama hupitisha simu kwa mtu mwingine. Hawajawahi kula meza moja.

Kila kitu alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimeviona vyote na sikuwahi kuvipanga kwa mstari.

"Mwangi alinunua godoro jipya na mapazia," Lilian akasema. "Sasa ameacha hata kuuliza. Mwambie Mama, asipokuja hii Krismasi, mimi pia sitamleta mtoto huko. Hatajua mjukuu wake, na asimlaumu mtu."

Sisi wa Kisumu tunajua hiyo stori ya kabila, na tunajua vile huingia nyumbani bila kubisha. Lakini Mama? Jirani yake wa kibanda ni Mama Shiru, mtu wa Nyeri, kabila moja na Mwangi, muuza viazi. Wanakula lunch sahani moja, wanagombana kama dada. Nikajiambia haiwezekani. Halafu nikajiambia mtu anaweza kula na jirani na bado asitake mkwe. Halafu nikakumbuka vigauni. Kwa nini ashone vigauni? Halafu nikakumbuka vigauni ni vya mtoto, si vya Mwangi.

Nilizunguka hivyo siku nzima. Ofisini niliingiza data ya watu wawili kwa jina moja.

Kilichoniogopesha si jibu baya. Ni kwamba nikiuliza na jibu likawa lile, nitakuwa nimelisikia na itabidi niishi nalo. Bora kutojua. Lakini Lilian alikuwa ameshaweka mtoto katikati, na huyo mtoto hakuwa na kosa.

Nikaenda kibandani mchana, wakati hakuna wateja. Nikamwambia Mama yote, vile Lilian alisema, bila kupunguza. Mkono. Jikoni. Simu. Kabila. Na mtoto kutoletwa.

Cherehani ikasimama.

Nilidhani atakasirika. Alionekana kama mtu aliyeshikwa akiiba.

"Lilian amesema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulifikiri hivyo?"

Nikasema sijui. Nikasema sielewi kitu chochote tangu mwezi wa kumi na moja.

Akavuta kiti, nikakaa. Akaanza kwa kuniambia kwamba yeye ameokoka. Najua, nikasema. Akasema hapana, sikiliza. Alisimama mbele ya kanisa lote, mwaka ule Mzee alipokufa, akasema mambo ya mila ameyaacha. Pasta akamwombea, watu wakasema amina. Na kweli ameyaacha. Chakula anakula na yeyote, kitu chochote. Mambo ya mazishi aliyakataa, shangazi zangu wakamchukia mwaka mzima.

"Lakini hili, Baba, halitoki. Nimeomba, halitoki. Mama hawezi kulala nyumba ya mume wa binti yake. Nikifikiria tu kwamba asubuhi nitatoka bafuni nikutane naye hapo mlangoni na taulo, mwili wangu unakataa. Na wewe unaniambia nilale kwa kitanda chake. Unaniambia mara mbili."

Nikashika kichwa.

Nilikuwa nimesikia kwamba mkwe na mama mkwe huheshimiana, wanakaa mbali. Kila mtoto wa Kijaluo amesikia. Lakini nilijua vile mtu anajua kuna nchi inaitwa Paraguay. Nilidhani ni mambo ya dala, yaani boma la kijijini, ya wazee, ya nyumba za udongo. Na Lilian ndiye wa kwanza kuolewa kwetu, sikuwa nimeona ikifanyika. Au niseme niliiona ikifanyika mbele yangu, na sikujua ninachoangalia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu.

"Ningesemaje? Nyinyi nyote mnajua nimeacha. Na ni kitu cha aibu kuongea na kijana wako." Akageuza kitambaa mkononi. "Nilikuwa nangoja uelewe. Si umesoma."

Halafu akasema maneno ambayo niliyaandika kwa simu nikitoka hapo, ili niyapeleke kama yalivyo:

"Mwambie Lilian, kama ningekuwa namdharau yule kijana, ningelala kwake. Ningelala hata sakafuni, kwani angekuwa nani? Ni kwa sababu ni mkwe wangu. Hata siku ile jikoni, nilimwangalia kwa dirisha mpaka wakaondoka."

Mama Shiru alikuwa amenyamaza sana upande wa viazi. Akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba na kwao zamani ilikuwa hivyo hivyo.

Nilimpigia Lilian nikiwa bado barabarani. Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Mwishowe akasema, "Lakini Mama aliacha mila," akarudia tena taratibu, na nikasikia kwamba analia.

Halafu nikasikia mwanaume anacheka.

Kumbe simu ilikuwa loudspeaker na Mwangi alikuwa hapo akipakata mtoto. Alichukua simu. Wakuu, huyo mtu alikuwa na furaha kama amefunguliwa pingu. Akaniambia tangu tupange hii safari yeye halali. Kwao baba yake hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake mpaka uzee. Amekuwa akijiuliza na hicho choo kimoja atapita wapi na taulo. Alikuwa ameshapanga kudanganya kwamba kazini wamempa zamu za usiku. Lakini hakusema, kwa sababu angeonekana anamkataa mama wa mke wake, na yeye si wa kabila letu, watu wangesema ndivyo walivyo hao.

Kwa hivyo huku kuna mtu anatafuta sababu za kutoenda, na kule kuna mtu anatafuta sababu za kutokuwepo, wote kwa heshima. Na katikati niko mimi natandika kitanda.

Mngedhani hapo mambo yaliisha.

Suluhisho lilionekana rahisi: nyumba za kukodisha kwa siku. Lilian akapata moja nzuri, ghorofa ile ile wanayoishi, juu yao kidogo. Nikamwambia Mama. Akauliza kama ni nyumba moja. Nikasema ni ghorofa moja, milango tofauti. Akauliza, paa je?

Sikuwa nimefikiria paa.

Ghorofa ina paa moja, wakuu. Familia zote zile ziko chini ya paa moja. Je, hiyo ni kulala nyumba ya mkwe? Mama hakujua. Akapigia dada yake Usenge. Huyo shangazi akasema paa ni paa. Mama akasema lakini milango ni mingi. Shangazi akauliza ngazi ni ngapi. Nikasema ni moja. Akasema basi mtakutana kwa ngazi. Mama akasema hata kwa barabara wanaweza kukutana. Shangazi akasema barabara haina paa.

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulifikiria kweli.

Halafu likaja la nani alipe. Mwangi akataka kulipa. Mimi nikawaza, akilipa si inakuwa nyumba yake kwa hizo siku? Nikamuuliza Mama. Nilimwona akianza kuchanganyikiwa kama mimi, nikajuta. Mwishowe akasema atalipa yeye mwenyewe kwa pesa ya uniform, na maneno yaishe. Mpaka leo sijui hiyo ilikuwa mila au ilikuwa tu Mama.

Tulipata chumba kwenye ghorofa ya jirani. Gate tofauti, paa tofauti. Shangazi akapitisha.

Safari yenyewe sina mengi. Basi lilikuwa karibu tupu, na kutoka Ahero mpaka juu milimani tulikuwa tunapishana na Nairobi yote ikija kwetu. Mama aliangalia hayo magari akasema hawa watu wangejua tumewaachia mji.

Mwangi alikuja kutuchukua na gari lake. Mama alikaa nyuma na omena yake, mimi mbele. Mwangi alikuwa amegeuza kioo cha ndani kikaangalia juu. Alisalimia akiangalia mbele, Mama akajibu akiangalia nje. Nilianza kuwaza kwamba gari pia lina paa. Nikafunga mdomo. Nimejifunza.

Lilian alivuka kutoka kwao polepole, mkono mmoja umeshika tumbo pale kwenye mshono, mwingine mtoto. Mama hakumngoja afike. Alimchukua mtoto, akamwangalia, akamnusa shingoni, akamwita Akoth. Kisha akamshika Lilian uso kwa ule mkono uliobaki, akamwambia kwa Kijaluo kitu ambacho sitakiandika humu. Mimi nilitoka nikaenda kununua maji ambayo hatukuyahitaji.

Siku ya Krismasi tulikula kwa Mama, mimi na Lilian na mtoto. Mwangi alipika pilau kwake, akaileta mpaka chini kwa gate, mimi nikashuka kuichukua. Nilipopanda Mama akaniuliza kama ameondoka. Nikasema bado yuko pale chini.

Mama akaamka, akamchukua mtoto, akatoka kwenye balcony.

Mwangi alikuwa amesimama kwenye parking, amevaa shati jipya. Alipomwona akavua kofia. Kisha Mama akaniambia, kwa sauti ambayo parking yote ilisikia, nimuulize huyo baba wa Akoth kama yeye mwenyewe amekula.

Nikainama kwenye reli. "Mama anauliza kama umekula."

Mwangi akaniambia mimi, "Mwambie Mama nitakula yeye akishaonja."

Nikageuka. Mama alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Nikamwambia.

Mama akarudi ndani, akachota kijiko kimoja cha pilau, akatoka nacho nje, akala akiwa amesimama hapo mahali Mwangi anamwona. Akatafuna mpaka akamaliza. Akatikisa kichwa, kukubali.

Lilian alikuwa mlangoni akicheka huku ameshika mshono, akituomba tuache kwa sababu unauma, na machozi yanamtoka.

Funzo nililopata, kama mnataka funzo: mtu akikuletea sababu nyingi ndogo, kuna moja kubwa ambayo anaona aibu kuitaja, na mara nyingine hiyo kubwa si chuki. Muulize mapema, tena mwenyewe, badala ya kumfuata chooni.

Lakini kusema ukweli bado sijatulia. Mwangi na Lilian wanataka kuhamia nyumba kubwa zaidi yenye servant quarter nyuma, ili Mama awe na mahali pake. Paa tofauti, sawa. Lakini ukuta unagusana, nimeangalia picha. Na Mama ameshaniuliza Pasaka ni lini.

Wenye mmeoa, wenye mna mama wa umri huu, na hata nyinyi wa kabila zingine ambao mna mambo yenu: nyinyi mnalala aje mkitembeleana? Na ukuta je, unahesabika? Nasoma kila comment.